Betri Iliyovaa Koti

Jumatatu, 3 Machi

Juba nzima, kutoka uwanja wa ndege mpaka darajani, hakuna mtu anayejua betri kama mimi. Hata serikali inajua. Haijaniambia tu.

Asubuhi kama kawaida. Nimefungua kibanda hapa Hai Jalaba, nimepanga simu za watu kwenye chaji, nimefagia vumbi, vumbi limerudi. Joto limeanza kabla ya chai. Mgongo unauma upande wa kushoto. Umri huu ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha kamba, wengine wanafanya, mimi naonyesha kwa kidole.

Mchana amekuja Nekesa, binti ya marehemu dada yangu. Ni nesi, ndiye mkubwa wa manesi pale zahanati ndogo ya mtaa wa Juba Na Bari. Mimi ndiye nilimwambia aje Juba. Barua ya kazi alikuwa ameshaipata, lakini kumwambia nilimwambia.

Shida yake ni friji ya chanjo. Jenereta imezeeka, mafuta leo yapo kesho hayapo. Sasa wafadhili wa nchi fulani ya baridi wamewatumia betri moja kubwa ya kukusanya umeme wa jua. Si betri ya kawaida. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu, kule mwisho wa dunia ambako hakuna barabara wala jirani, na betri zingine zote zinakufa kwa baridi. Hii haifi. Wakubwa wa zahanati walitaka kuita fundi kutoka Nairobi. Nekesa akawaambia fundi yuko, ni mjomba wake, amefanya kazi kwenye barafu.

Ni kweli nilimsimulia. Alikuwa mtoto mdogo. Nilimwambia nilivyoendesha lori la watafiti kule Aktiki, baridi mpaka ukitema mate yanaganda hewani, unayaokota kama kokoto. Nilivyolala nimekumbatia betri ya lori kifuani isife, asubuhi lori likawaka, mimi ndiye nikakataa kuwaka. Anaikumbuka yote. Hata ile sehemu ya dubu.

Nimemwambia kesho nitafika. Ameshukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiona. Hiyo ndiyo betri. Wanaume wanne kuishusha, na mmoja bado analalamika kiuno.

Imevaa koti. Si maneno yangu, ni koti kabisa: sponji nene kama godoro la mkwe, limezungushwa pande zote na kufungwa kwa mikanda, juu linang'aa rangi ya fedha. Karatasi yake ina picha ya mtu amesimama kwenye theluji na kofia ya manyoya. Inasema inavumilia digrii arobaini chini ya sufuri. Nimeisoma mbele ya wakubwa, polepole, natikisa kichwa kama mtu anayekumbuka nyumbani.

Mkubwa mmoja akauliza kama hilo koti linatolewa. Nikamwambia mzee, mgeni amefika kwako amevaa, unaanzaje kumvua nguo mlangoni? Wamecheka. Koti limebaki.

Nimeifunga ndani ya stoo ya mabati nyuma ya zahanati. Mlango mmoja, hakuna dirisha, kufuli kubwa. Mwizi hapati hata pa kuchungulia. Nyaya za paneli kutoka juu ya paa la zahanati zimeingia, nyaya za friji zimetoka. Mikono yangu bado inajua kazi hata kama magoti yamesahau. Taa ya kijani imewaka. Nekesa amepiga makofi. Akina mama waliokuwa kwenye benchi nao wamepiga, sidhani wamejua ni ya nini.

Halafu Nekesa amenivuta pembeni. Ndani ya friji kuna chanjo za watoto wa mtaa wote ule. Surua, polio, pepopunda, zote. Alhamisi ndiyo siku ya kuchanja.

"Mjomba, zikipata joto ni za kumwaga. Na tukimwaga hatuletewi zingine, friji inapelekwa kwingine. Akina mama waanze tena kutembea mpaka upande ule wa mji na watoto mgongoni kwa jua hili. Na mimi narudi kwetu Bungoma."

Nimemwambia alale usingizi.

Jumatano, 5 Machi

Chai kwa mama wa chai. Nimewasimulia. Wakati nasimulia friji imekuwa tatu na zahanati imekuwa hospitali. Huo si uongo, ni kuongeza maji kwenye mchuzi wageni wakiwa wengi.

Okello alikuwepo. Ni Mganda, anauza betri za gari duka linalotazamana na kibanda changu. Amesikiliza mpaka mwisho, ameweka kikombe chini.

"Mzee wa barafu! Wewe iko navalisha betri koti hapa Juba? Mimi hata shati inanishinda."

Wamecheka wote mpaka mama wa chai. Nimecheka pia, kwa meno ya mbele tu. Mtu wa betri za gari atajua nini.

Saa nane Nekesa amepiga simu. Taa nyekundu, friji imezimika. Nimechukua boda mpaka Juba Na Bari. Ndani ya stoo joto linakupiga usoni kama umefungua tanuri la mikate. Nimekagua nyaya, nzuri. Nimeipiga betri ngumi ubavuni. Hiyo ni njia ya mafundi, si hasira. Jioni imewaka yenyewe.

Nimesema ni ngumi.

Alhamisi, 6 Machi

Imezima tena. Saa zile zile, jua likiwa kali kabisa, paneli zikiwa zinakunywa mwanga mpaka zinatapika. Hapo ndipo sielewi. Umeme unakuja mwingi, betri inaukataa. Kama mtu unampa chakula anafunga mdomo.

Akina mama walijaa uani. Watoto wanalia, mmoja akianza wote wanafuata. Nekesa amechanja haraka haraka, anafungua friji, anafunga, anafungua. Ile friji yenyewe ni kuukuu, mlango haushiki vizuri, baridi inatoroka. Kipimajoto kilikuwa kinapanda. Kikifika nane ndiyo mwisho. Umeme uliporudi jioni kilikuwa kimekaribia.

Mimi nilikuwa juu ya paa na ndoo ya maji na kitambaa, naosha paneli. Nimewaambia ni vumbi. Baadaye nikasema ni waya wa mfadhili, mwembamba. Baadaye nikasema huku jua linatoka upande ambao betri haijazoea. Hata mimi nilipoyasikia yakitoka mdomoni niliona hayana miguu.

Nekesa amenipa maji ya kunywa. Angenigombeza ningejisikia vizuri.

Nimechoka. Mikono imebabuka kwa mabati.

Ijumaa, 7 Machi

Akili imekuja yenyewe nikiwa napiga mswaki. Betri ya nchi ya barafu. Inataka nini? Barafu! Samaki ukimtoa mtoni unamwekea maji. Nimeshangaa mimi mwenyewe ninavyofikiria.

Nimeteremka kwa wauza samaki kando ya mto. Pale wana barafu za mabonge wanazofunika na maranda ya mbao. Nimechukua magunia mawili. Muuzaji akauliza nina sangara wangapi. Nikamwambia sina samaki, nina mgonjwa kutoka Ulaya. Akanitazama hivi. Akanifungia.

Nimefungua mikanda ya koti, nimepanga barafu pande zote ndani kwenye mifuko ya plastiki, nimefunga mikanda tena. Sponji ile inahifadhi baridi vizuri sana. Baada ya muda mfupi unagusa betri, ni kama shavu la maiti.

Saa sita, taa kijani. Saa nane, kijani. Mpaka jioni, kijani! Mlinzi amenipigia saluti. Nekesa ametabasamu mara ya kwanza tangu Jumatano, ametuma mtu aniletee wali na maharage. Nimekula nimesimama, watu wananiangalia.

Nimerudi Hai Jalaba nimepitia kwa Okello makusudi. Nimemwambia kule Aktiki tulifanya hivi kila siku. Nikaongeza kwamba dubu walikuwa wanakuja kulamba. Okello akarudi kupanga betri zake.

Nitalala kama mfalme.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitwa kabla sijanawa uso.

Betri imekufa. Haina taa yoyote, nyekundu wala kijani. Nimefungua koti, maji yakamwagika miguuni. Tena si ya baridi. Barafu yote imekwisha, na ile betri haikuwa baridi tena, ilikuwa vuguvugu kama tumbo la mbuzi.

Nimeingiza mkono chini yake. Kumbe ndani ya koti, chini ya betri, kuna kitambaa chembamba chenye nyaya ndani. Ni cha kupasha moto. Kule kwao, baridi ikifika kiwango fulani, betri inajiwashia moto yenyewe kwa umeme wake wenyewe isigande. Mimi nimeipa barafu. Ikadhani iko kwao. Ikatumia umeme wote wa jana, umeme wa friji, kuyeyusha barafu niliyoileta kwa mikono yangu. Ilipomaliza barafu ilikuwa imemaliza na nguvu.

Karatasi inasema yote hayo. Ukurasa wa tatu, na picha wameweka. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza.

Friji ilikaa bila umeme muda ambao hakuna anayejua. Kipimajoto kimepita nane kwa mbali. Nekesa amekaa chini sakafuni, amezitoa chupa moja moja, anaangalia kile kimraba kidogo juu ya chupa kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto. Nzima kushoto. Iliyoharibika kulia. Kulia kukawa kwingi. Nilisimama mlangoni, sijui nishike nini.

Zilizobaki ameziweka kwenye kasha la barafu, amezikimbiza zahanati ya jirani. Kabla hajapanda boda amesema, bila kuniangalia:

"Mjomba, wewe uliwahi kweli kufunga betri kwenye barafu?"

Nikasema barafu ya kule ni tofauti.

Nimejichukia hapo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda kanisani. Sijafungua kibanda. Mwenye simu yake kwenye chaji amebisha hodi mpaka amechoka, nimenyamaza kimya kama mdaiwa.

Nekesa hajapiga. Wakubwa wake wamempa nafasi ya mwisho, wiki hii tu, chanjo mpya ni Ijumaa. Betri imeamka na jua, lakini ikikataa tena, friji inaondoka Jumamosi. Nimesikia kwa mlinzi, si kwake.

Dada yangu alikuwa akiniambia, wewe mdomo wako utakuja kumla mtu. Alikuwa anacheka akisema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeenda bila kuitwa. Nimekaa kwenye benchi pamoja na akina mama kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kwenda stoo. Nekesa amepita mara mbili. Mara ya pili amesema, "Shikamoo, Mjomba." Heshima haijamtoka. Imeniuma zaidi.

Karibu na saa sita ameingia mama mmoja mdogo, msichana tu, anatoka jasho, amebeba furushi. Kumbe ndani ya furushi kuna mtoto. Mtoto ana homa, amevalishwa sweta, kofia ya sufu, soksi, halafu blanketi mbili juu. Macho yamelegea, anapumua kama kifaranga. Nekesa amemrukia.

"Ya mama, shilu bataniya!" Amemwambia kwa Kiarabu cha hapa atoe blanketi, akalivuta la kwanza mwenyewe. "Huyu ana moto wake tayari, wewe unamwongezea mwingine? Unampika?"

Yule msichana akasema ni bibi yake amesema, mwenye homa lazima afunikwe, hata yeye alifunikwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

"Na bibi alikuwa na nia nzuri. Toa sweta."

Amemvua yote. Amemlaza karibu na dirisha, amempepea kwa jalada la kadi, amempa dawa. Mimi nimekaa natazama. Mtoto alianza kutulia, akafumbua macho, akaniangalia mimi. Mimi hasa. Kama ananiuliza unangoja nini.

Nimesimama. Nimechukua ufunguo kwa mlinzi.

Nilikuwa najua, nadhani. Tangu Okello alipocheka nilikuwa najua. Lakini ningetoaje koti ambalo nilisema mbele ya watu halitolewi?

Nimelitoa. Mikanda yote. Nimechomoa na kile kiplagi cheupe cha kitambaa cha moto, nimeangalia kwanza ukurasa wa tatu, na wa nne, na wa tano, nimesoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Betri ilikuwa inachemka huko ndani. Inajizima ikizidi joto ili isiharibike. Basi. Si vumbi, si waya, si upande wa jua. Ilikuwa inajiokoa na mimi.

Nimeita wanaume, tumeihamisha kutoka ukutani, tumeikalisha juu ya matofali katikati ya stoo. Nimekata mabati ya stoo pande mbili, juu na chini, upepo upite. Nimeweka wavu wa chuma kwa ajili ya wezi. Juu ya paa la stoo nimetandika nyasi nene, kama za tukuli, zile nyumba za nyasi za watu wa hapa, maana waliojenga tukuli walikuwa wameshajua Juba ni wapi.

Bati moja limenichana kiganja, damu imetoka ya kutosha. Nimefunga na kitambaa. Sikumwonyesha Nekesa.

Jumanne, 11 Machi

Saa sita, kijani.

Saa nane nimeingia, nimeweka kiganja kizima juu yake. Ina joto, lakini joto la mtu mzima wa afya. Kijani.

Jioni, kijani. Sijashangilia. Ijumaa iliyopita pia ilikuwa kijani.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi imeamka na nguvu zake. Friji inanguruma. Kipimajoto kiko nne, hakisogei. Ndani hamna chanjo, Nekesa ameweka chupa za maji tu, anaipima. Anafanya vizuri. Mimi pia nisingejiamini.

Okello amekuja mwenyewe mpaka zahanati kuangalia. Amezunguka stoo, ameinama, amechungulia matundu. Nikangoja aseme.

"Umevua."

"Nimevua."

"Sasa koti iko wapi? Mimi mtoto yangu nataka kulalia."

Nimecheka, safari hii kwa meno yote. Sikumwambia chochote kuhusu Aktiki. Hakuuliza. Tumerudi Hai Jalaba pamoja, yeye anatembea haraka, mimi nyuma, jua linatupiga sawasawa.

Alhamisi, 13 Machi

Kijani. Mgongo. Usingizi.

Akina mama walikuja kuchanjisha watoto, wamerudishwa, wameambiwa kesho. Mmoja ametoka ng'ambo ya mto. Amenikuta mlangoni akaniuliza mimi ndiye fundi? Nikasema ndiyo. Akasema kesho akija akute. Hakusema kwa ukali. Nimemjibu atakuta, na sikuongeza neno, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Chanjo mpya zimeletwa asubuhi. Wakubwa wamekuja, wamesoma kipimajoto, wamegusa betri, wameuliza mbona imevuliwa. Nekesa amewajibu yeye. Amesema mjomba amegundua haifai kwa huku. Hakusema zaidi ya hapo. Friji inabaki.

Yule mama wa ng'ambo ya mto amerudi. Waliorudishwa jana hawakurudi wote, na hatujui pa kuwatafutia. Nekesa amesema ataenda nyumba kwa nyumba. Nimesema nitambebea kasha.

Mchana kulipopungua watu ameona kiganja changu. Kimevimba. Nilificha mfukoni, akakitoa. Bati lenye kutu, siku nne, Mjomba, una akili kweli? Amefungua friji, friji yangu, akatoa chupa ya pepopunda.

Watu watasikia mengi kuhusu betri hii. Nitawasimulia vizuri, najijua. Lakini hili silisimulii popote. Nilifumba macho kabla hajafungua sindano. Nilishika mkono wa mama aliyekaa karibu nami, hata jina simjui, nikaubana mpaka akasema pole baba. Mtoto wake alikuwa amechanjwa muda si mrefu, hakulia.

Mimi nililia kidogo.